Kutoka Mlimani hadi Ubungo: kazi iliyobaki ya Ndaki ya Uhandisi

Ukishuka daladala Ubungo, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sam Nujoma na Mandela, inua macho. Magari yanapita katika ngazi tatu, ya chini yakisubiri taa, ya juu yakikatiza bila kusimama. Barabara hizo za juu zilifunguliwa Februari 2021 na kupewa jina la Balozi Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki siku chache kabla ya ufunguzi, ambaye huko nyuma alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ujenzi. Upande wa Tazara ipo barabara ya juu nyingine, iliyofunguliwa mwaka 2018, yenye jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Wakala wa Barabara, TANROADS. Majina yote mawili ni ya wahandisi wa Kitanzania. Aliyejenga ya Ubungo ni mkandarasi wa China, na aliyejenga ya Tazara ni mkandarasi wa Japani.

Kutoka Ubungo hadi Mlimani hakuna mwendo. Huko juu ndiko iliko Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake, CoET. Imekwisha kupita miaka 50 tangu wanafunzi wa kwanza wa uhandisi waingie darasani pale, na umri huo unatosha kuuliza kwa uzito: ndaki hii imelifanyia nini taifa, na sasa ielekee wapi? Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime kadiri tunavyokwenda. Ndaki imefaulu sana kutoa wahandisi wa kusimamia na kuendesha kazi. Haijafaulu kwa kiwango hicho kutoa wahandisi wanaobuni kazi kubwa tangu mchoro wa kwanza, na sababu nyingi za upungufu huo haziko ndani ya kuta zake.

Tuanze na chimbuko, maana linaeleza mengi. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Kilipoingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, masomo yaliyohitaji gharama kubwa yaligawanywa baina ya nchi tatu: udaktari na kilimo vilikuwa Makerere, uhandisi ulikuwa Nairobi, na sheria ikawa ya Dar es Salaam. Kijana wa Kitanzania aliyetaka kuwa mhandisi alipanda basi kwenda Nairobi au ndege kwenda ng'ambo. Mwaka 1970 chuo hicho cha pamoja kilivunjika na kila nchi ikabaki na chake. Tanzania ikajikuta ina wanasheria wake na haina mahali pa kusomesha mtu wa kupima barabara, na hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya kujenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, na kufungua viwanda vya umma kila mkoa.

Kitivo cha Uhandisi, ndiyo ndaki ya leo, kikazaliwa mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Waasisi wake walifanya uamuzi mmoja ambao hadi leo nauona ndio bora kuliko yote uliowahi kufanywa pale: mwanafunzi asimalize mwaka wa masomo bila kwenda kufanya kazi kiwandani au kwenye eneo la ujenzi. Mafunzo hayo ya kazini wenyewe wanayaita PT. Mwaka wa kwanza anakwenda kushika tupa, kuchomelea na kubeba. Mwaka wa pili na wa tatu anasogezwa karibu na meza ya mhandisi. Kila mara anakaa wiki nane, anaandika daftari la kazi za kila siku, na mwalimu humfuata huko huko kumkagua. Muulize mhandisi yeyote aliyepita Mlimani anachokikumbuka. Huenda amesahau milinganyo ya mtiririko wa maji, lakini hajasahau PT yake ya kwanza ilikuwa wapi na fundi aliyempokea alikuwa nani.

Uamuzi wa pili wenye uzito ulikuwa kuifungulia ndaki mlango wa kutoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliundwa taasisi ya ubunifu wa uzalishaji, IPI, iliyokuwa ikichora na kutengeneza mashine ndogo kwa ajili ya wasindikaji na mafundi wadogo. Kazi hiyo leo imo ndani ya ndaki, chini ya kituo cha kuendeleza na kuhawilisha teknolojia. Mwaka 1990 ikaongezwa BICO, ofisi inayopokea kazi za viwanda, serikali na wajenzi na kuwapa wahadhiri wazifanye kwa malipo. Kuna wanaoiona BICO kama mradi wa kuongezea wahadhiri kipato tu. Sikubaliani nao. Mhadhiri wa miundo aliyeitwa kuchunguza ukuta uliopasuka anarudi darasani akiwa na picha, vipimo na sababu. Anafundisha kitu alichokigusa.

Ingia maabara ambako zege hupimwa uone jinsi uhusiano huu unavyofanya kazi. Mkandarasi analeta kyubu, yaani vipande vya zege vyenye pande za milimita 150, vilivyomiminwa siku moja na nguzo au slabu anayotaka kuithibitisha. Kila kimoja kimeandikwa tarehe. Vimelala kwenye beseni la maji; vingine vitavunjwa siku ya saba, vingine siku ya 28. Siku ikifika, mwanafunzi anakifuta kipande maji, anakipima uzito, anakiweka katikati ya sahani mbili za chuma za mashine, kisha mashine inaanza kubana polepole. Siku ya 28, zege la daraja la 25 linatakiwa lihimili kilonyutoni 562.5 kwenye uso huo, mzigo wa kama tani 57, kabla halijapasuka. Kwa muda hakuna linaloonekana. Kisha unasikia mlio mkavu, pembe za kipande zinachomoka, na mshale wa mashine unarudi nyuma. Namba iliyosomeka inaandikwa. Kama ni 380, kuna mtu atapigiwa simu mchana huo huo, na kuna nguzo mahali fulani mjini ambayo haitakiwi kubebeshwa ghorofa nyingine.

Namba hiyo ni ya uhai wa watu. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo lenye maduka Kariakoo liliporomoka watu wakiwa ndani, na zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kila linapotokea janga la namna hiyo, wahandisi na wataalamu wa ujenzi huitwa kuunda kamati na kuchunguza. Hiyo ni kazi ya lazima. Lakini nchi inayowaita wataalamu wake kwenye kifusi na kuwasahau kwenye msingi inatumia elimu yao vibaya.

Hapo linakuja jambo ambalo nadhani halijazungumzwa vya kutosha: lugha. Darasani mwanafunzi amefundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Kwenye eneo la ujenzi kila kitu kinakwenda kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kina msamiati wake kamili: nondo, ringi, kokoto, lenta, timazi, pimamaji, mkanda. Mfikirie kijana wa PT amesimama kando ya mashine ya kuchanganyia, ana koni yake ya bati yenye kimo cha milimita 300. Amejaza zege tabaka tatu, kila tabaka kalishindilia mara 25 kwa ufito wa chuma, ameinua koni, zege limeshuka kidogo tu. Fundi mwenye umri wa baba yake anamwambia: “Injinia, zege hili kavu, haliingii kwenye nondo. Tuongeze maji.” Kijana anajua jibu, lakini analijua kwa Kiingereza cha kitabu. Anatakiwa amweleze mzee huyo kwa heshima kwamba mfuko wa saruji wa kilo 50 uliowekewa lita 25 za maji una uwiano wa 0.5, akiongeza kindoo cha lita 10 uwiano unafika 0.7, maji yale ya ziada yatakauka na kuacha vitundu, na zege lililoonekana laini leo litakuwa dhaifu siku ya 28. “Mzee wangu, tuweke dawa ya kulainisha, tusiweke maji,” ndiyo sentensi inayookoa jengo. Hakuna mtihani unaompima mwanafunzi kama anaweza kuisema.

Chuo hicho hicho kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yenye uzoefu wa miaka mingi wa kutunga kamusi, zikiwamo za sayansi. Ndaki na taasisi hiyo zinatenganishwa na matembezi ya dakika chache. Zikikaa pamoja na mafundi, zinaweza kutoa miongozo mifupi ya Kiswahili ya zege, umeme wa majumbani, visima na mabomba, ikaandikwa na watu wanaojua kinachosemwa kazini. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine moja ya maabara.

Turudi kwenye mafanikio, maana ni mengi na yanastahili kutajwa bila ubahili. Ndaki imekuwa shina la matawi mengine. Uhandisi wa elektroniki na mawasiliano ulihamia Kijitonyama na kuwa sehemu ya ndaki ya TEHAMA, na masomo ya madini nayo yakapata makao yake chuoni. Profesa Burton Mwamila, aliyewahi kuwa mkuu wa ndaki, ndiye aliyekuwa makamu mkuu wa kwanza wa taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambako Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la maji lililoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Katika maji, Mlimani ilichaguliwa pamoja na Chuo Kikuu cha Zimbabwe kuendesha shahada ya umahiri ya usimamizi wa rasilimali za maji kwa ajili ya eneo zima la kusini na mashariki mwa Afrika. Mabonde ya Rufiji, Pangani na Wami yana wataalamu waliosomea hapo, na wengine wanafanya kazi katika nchi jirani.

Juhudi za kuwasaidia wasichana nazo zimezaa matunda. Ndaki iliona kwamba wasichana wengi waliosoma sayansi walikosa alama kidogo tu za kuingilia, ikaweka kozi ya maandalizi kabla ya udahili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo, kupitia mpango wake wa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu ulioanza mwaka 2003, ilipata ufadhili wa Norway uliolenga wanawake. Anayetembelea miradi ya barabara leo hashangai kumkuta dada mwenye kofia ngumu akitoa maelekezo. Miaka 30 iliyopita angeshangaa.

Sasa tuje kwenye miradi mikubwa ya muongo huu, kwa kuwa ndiyo mizani yenyewe. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Kidatu, fahari yetu ya mwaka 1975, ni megawati 204. Mkandarasi wa bwawa la Nyerere alikuwa ubia wa kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imejengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki. Daraja la Kigongo–Busisi kwenye Ziwa Victoria, la takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limejengwa na kampuni za China.

Katika orodha hiyo kuna jambo moja linalonipa moyo. Msimamizi wa ujenzi wa bwawa la Nyerere alikuwa TECU, kitengo cha ushauri wa kihandisi cha TANROADS. Yaani mradi mkubwa kuliko yote katika historia ya umeme nchini ulikaguliwa na wahandisi wetu wenyewe, kazi ambayo zamani ingepewa kampuni ya Ulaya bila mjadala. Haya ni mafanikio ya kweli, na sehemu yake ni ya vyuo vyetu vya uhandisi. Lakini ndiyo pia yanayonionyesha tulipoishia. Tumefika kwenye usimamizi. Mkandarasi ndiye aliyebaki na mchoro, hesabu za mtambo na ujuzi wa kwa nini kitu kimewekwa hapa na si pale. Anafunga mizigo anaondoka navyo.

Jirani zetu wamejaribu kuvuka mstari huo kwa njia tofauti, na wametuachia mafunzo mawili. Kenya, mwaka 1986, Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari. Wahandisi wakatengeneza kweli, magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani mwaka 1990, yakaendeshwa, kisha mpango ukafa kwa sababu hapakuwa na fedha za kiwanda wala mnunuzi. Nairobi haikukata tamaa kabisa; mwaka 2018 chuo hicho hicho kilirusha setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya kwa kushirikiana na Japani. Uganda, wanafunzi na walimu wa Makerere walionyesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Tofauti ni kilichofuata: serikali iliunda kampuni, Kiira Motors, ikatenga ardhi Jinja, ikaweka fedha miaka baada ya miaka, na kutoka gari dogo la watu wawili wakafika kwenye mabasi ya umeme. Uhodari ulikuwapo kote kuwili. Uganda ilikuwa na mnunuzi wa kwanza mwenye subira, naye ni serikali.

Kwetu, maonyesho hayakosekani. Kuna Wiki ya Utafiti na Ubunifu chuoni, na tangu 2019 kuna mashindano ya kitaifa ya MAKISATU. Vijana wanaleta mashine za kukausha dagaa, vipima unyevu wa udongo, mifumo ya kufuatilia mita za maji. Waziri anapita, anapiga picha, anasifu. Baada ya hapo kifaa kinarudi kwenye stoo ya idara na mwenye kifaa anatafuta kazi benki. Siwalaumu vijana. Kifaa cha kwanza hakiuziki. Kinahitaji cha pili, cha tatu na cha kumi, na mtu wa kulipia makosa yaliyomo kwenye tisa vya mwanzo.

Pamba ni mfano wa karibu unaouma zaidi. Chini ya kilima cha chuo, pale Ubungo, kipo kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, ambacho kanga zake zilivaliwa nchi nzima. Kiwanda kikadhoofika, na nchi inayolima pamba Shinyanga, Simiyu na Mwanza ikaendelea kuuza sehemu kubwa ya nyuzi zake nje zikiwa ghafi. Ndaki, kwa msaada wa taasisi ya Gatsby ya Uingereza, ikaanzisha shahada za uhandisi na ubunifu wa nguo. Ni uamuzi wenye akili na uliokuja wakati wake. Ila mhandisi wa nguo bila kiwanda cha nguo anakuwa mwalimu wa kumfundisha mhandisi mwingine wa nguo. Sera ya viwanda na mtaala vikitembea kila kimoja kivyake, anayeumia ni mhitimu.

Mwelekeo wa mbele, kwa maoni yangu, unaanzia kwenye matengenezo. Neno hili halina mvuto wa kukata utepe, lakini ndiko nafasi ya haraka iliko. Reli mpya inatumia umeme wa kilovolti 25. Nyaya, vituo vya kupoza umeme, vichwa vya treni vilivyotoka Korea Kusini, mifumo ya ishara: vyote vitachakaa, na vitahitaji watu wa kuvifungua, kuvielewa na hatimaye kutengeneza vipuri vyake hapa. Mitambo tisa ya Rufiji nayo itazunguka kwa miongo kadhaa. Mtu aliyeitengeneza mashine mara mia ndiye atakayekuja kuichora upya. Ndaki ikiwa na maabara ya reli ya umeme na ya ulinzi wa mifumo ya gridi, ikashirikiana kwa mkataba na Shirika la Reli na TANESCO, baada ya miaka kumi tutakuwa na kizazi cha wabunifu waliopitia kwenye karakana.

Fedha kwa mara hii zipo kidogo. Mradi wa HEET, wa mkopo wa Dola milioni 425 za Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021, unajenga majengo, kununua vifaa na kusomesha wahadhiri katika vyuo vya umma, na umevitaka vyuo vipitie upya mitaala yake kwa kukaa na waajiri. Ombi langu kwa wanaousimamia ni kwamba vifaa vitangulie majengo, na mafundi sanifu wa maabara wasisahauliwe. Nimeona katika zaidi ya chuo kimoja mashine nzuri imefunikwa shuka kwa sababu aliyekuwa akiijua amestaafu na nafasi yake haikujazwa. Idadi ya wanafunzi imepanda mno kuliko enzi za waasisi. Kundi la watu 30 likizunguka mashine moja, watano wanajifunza na 25 wananakili majibu.

Ndaki pia haiko peke yake tena. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina karakana inayobadilisha magari yatumie gesi asilia na wateja wanapanga foleni. Chuo cha Mbeya, MUST, kina nyanda za juu zote mbele yake. Ushindani huu ni mzuri, na Mlimani ingekosea ikitaka kufanya kila kitu. Nguvu yake iko kwenye utafiti wa kina, shahada za juu, na kazi za ubunifu zenye hesabu nzito ambazo wengine hawajajengewa uwezo wake.

Linabaki suala la mlango wa kuingilia kwenye miradi, na hili liko mikononi mwa serikali. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake zimewatengea wakandarasi wazawa kazi za hadi Sh50 bilioni. Ni hatua kubwa kwa wajenzi. Wabunifu nao wapewe yao. Kila mkataba wa kazi inayozidi kiwango hicho uwe na kipengele kinachomlazimu mkandarasi wa nje kupokea wahadhiri na wahitimu wetu ndani ya ofisi yake ya michoro, tangu siku ya kwanza ya usanifu hadi makabidhiano, na kuacha nakala kamili ya mahesabu chuoni. Wanafunzi wa PT tayari wanapokewa kwenye zege na nondo. Wapokewe pia mezani. Jiji la Dar es Salaam bado lina makutano mengi yanayosubiri barabara za juu. Mkataba wa makutano yatakayofuata uandikwe na kipengele hicho ndani yake.